Maksi za maabara vyuoni ziangaliwe upya

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe dukuduku langu juu ya maksi wanazopewa vijana wetu wanaosomea uhandisi, hasa zile za kazi za maabara. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi kijijini huku Rungwe. Uhandisi sikuusomea, lakini kusahihisha ndiyo kazi yangu ya kila siku.

Mpwa wangu anasomea uhandisi wa ujenzi katika chuo kimoja nje ya mikoa yetu ya Mbeya na Iringa. Mwaka jana walipewa kazi ya kupima zege. Wanachanganya saruji, mchanga, kokoto na maji, wanatengeneza michemraba yenye upande wa sentimita 15, wanailoweka majini, na baada ya siku 28 wanaivunja kwa mashine. Mchemraba ulitakiwa ubebe tani 57 hivi. Wa kwao ulipasuka kwenye tani 39. Kijana akaandika 39, akaeleza na sababu: maji yalizidi katika mchanganyiko, na maji yakizidi zege hupungua nguvu. Kundi la jirani, ambalo mchemraba wao nao ulipasuka mapema, liliandika 57 kama walivyoikuta katika ripoti za wenzao wa mwaka uliotangulia. Hao walipata A. Yeye C.

"Mjomba," aliniambia, "safari ijayo na mimi nitanakili."

Ndugu wasomaji, hapo nani aliyejifunza kazi? Sisi wa Nyanda za Juu Kusini tunapanda Kitonga kwa mabasi, tunavuka madaraja ya reli ya TAZARA iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, na tunasinzia kabisa njiani, kwa kuamini kwamba mpimaji aliandika alichokipima. Machi 2013 ghorofa lililokuwa likijengwa Dar es Salaam lilianguka na kuua watu zaidi ya 30. Sisemi chanzo kilikuwa ripoti ya kunakili. Nasema tani 18 zilizofichwa maabara haziui mtu, lakini zikifichwa kwenye nguzo ni habari nyingine.

Wahadhiri nao nawaonea huruma. Mashine moja, wanafunzi wengi, na ripoti safi yenye jibu linalotegemewa husahihishwa upesi. Hata sisi wa msingi tunalijua jaribu hilo! Lakini Azimio la Musoma la 1974 lilikwisha kukataa mtihani wa karatasi uwe kipimo pekee, likataka kazi ya mwanafunzi nayo ihesabiwe.

Maoni yangu ni kwamba daftari la vipimo litiwe saini na fundi wa maabara siku ileile, kabla mwanafunzi hajatoka mlangoni, na sehemu kubwa ya maksi itoke humo. Kisha aulizwe kwa mdomo, dakika 5 tu zinatosha kumjua aliyeshika koleo na aliyeshika kalamu. Jibu lililokwenda kombo likielezwa sababu yake, lisikatwe maksi hata moja.

Hapa Mbeya tunacho chuo kikuu cha sayansi na teknolojia, kilichoanza 1986 kikiwa chuo cha ufundi na kupandishwa hadhi 2012. Ningefurahi mhadhiri wa hapo, au wa chuo chochote, atueleze katika ukurasa huu: mwanafunzi akileta 39 ya kweli, anampa ngapi?

Mwalimu wa Kijijini,
Rungwe, Mbeya.