Utelezi wa Mtungini: Jinsi Bakteria wa Taifodi Wanavyojificha

Mkazi wa Kayole, Dandora au Mukuru anayehifadhi maji kwa sababu ya mgao anaujua utelezi unaoota ndani ya mtungi. Utelezi huo ni makao ya bakteria. Wataalamu huuita utando wa bakteria.

Utando huanza bakteria wachache wanaoelea majini wanapotua kwenye plastiki na kuishikilia. Wakishatulia, huongezeka na kutoa ute unaonata, ambao huwafunika kama paa la nyumba. Baadaye baadhi yao huchomoka na kwenda kuanzisha makao kwingine.

Klorini hupungua nguvu ikipambana na ute huo kabla ya kuwafikia bakteria wa chini. Ndiyo maana kusuuza mtungi hakutoshi. Ni lazima usuguliwe.

Jambo hilo hutokea mwilini pia. Bakteria wa taifodi, yaani homa ya matumbo, wanaweza kujenga utando juu ya mawe ya nyongo. Mgonjwa hupata nafuu, lakini huendelea kutoa bakteria kupitia choo bila kujua. Watafiti wa KEMRI waliwapata Mukuru watoto waliobeba bakteria hao bila dalili zozote, wakiwemo bakteria sugu kwa dawa kadhaa.

Antibiotiki nyingi hufanya kazi vyema dhidi ya bakteria wanaokua kwa kasi. Walio ndani ya utando hukua polepole, na wengine ni kama wamelala, hivyo dawa huwapita. Wanasayansi wanajaribu njia tatu: kuwazuia bakteria wasishike, kuuyeyusha ute kwa vimeng'enya, na kuvuruga kemikali ambazo bakteria hutumia kuwasiliana. Lengo ni kuzifungulia antibiotiki njia. Nyingi ya dawa hizo zingali katika utafiti.

Kwa sasa, kinga iko mikononi mwetu:

• Sugua mtungi kwa brashi na sabuni kabla ya kuujaza tena.
• Chemsha maji ya kunywa au yatibu kwa klorini, kisha yafunike.
• Nawa mikono kwa sabuni utokapo chooni na kabla ya kupika.
• Usinunue antibiotiki bila kupimwa, na ukiandikiwa, maliza dozi.
• Mpeleke mtoto apate chanjo ya taifodi, iliyoanza kutolewa nchini Julai 2025. Katika ratiba ya kawaida hutolewa akiwa na miezi 9.

Mtungi safi leo unaweza kumwepushia jirani homa kesho.