Nyuki Wavamia

Niliwahi kumtumia mhariri mmoja wa Dar es Salaam habari kwamba bei ya asali Tabora imeanguka na warina wameitelekeza mizinga porini. Kimya. Mwezi uliofuata kundi la nyuki likaingia katika ofisi moja hapa mjini, makarani wakatoka mbio. Nilituma mistari mitatu, ikasomwa usiku uleule: "Nyuki wavamia ofisi." Si "wamevamia". Ukiiondoa ile "me", jambo la asubuhi linakuwa bado linatokea. Ukiandika kuvamia badala ya kuingia, wadudu wanakuwa jeshi.

Ufundi huu ulishapita njia yetu ya misafara. Mwaka 1871 Henry Stanley alifika Unyanyembe, yaani hapa Tabora, ametumwa na gazeti la New York Herald kumtafuta mmisionari Livingstone "aliyepotea". Amepotea kwa nani? Huko Manyema alikuwa akisafiri na kula na wafanyabiashara wa pembe za ndovu. Alichokuwa nacho ni maradhi na ufukara, maana bidhaa alizopelekewa Ujiji ziliuzwa na mtu aliyekabidhiwa. Lakini mgonjwa aliyeishiwa hauzi gazeti.

Kwa watu wa hapa, habari ya mwaka ule ilikuwa mtawala wa Kinyamwezi, Mirambo. Aliichoma sehemu ya Tabora na kuifunga njia ya Ujiji, hata Stanley akalazimika kuzungukia kusini. Ili wasomaji wake wa mbali wamwelewe haraka, Stanley alimfananisha na Bonaparte. Neno moja tu, na vita vya Wanyamwezi vikapata sura ya Mfaransa.

Kisha wakakutana Ujiji, Novemba. Ile salamu fupi ya Stanley inayojulikana dunia nzima, "Dr. Livingstone, I presume?", Livingstone hakuiandika, ingawa siku yenyewe aliieleza. Katika shajara ya Stanley kurasa za siku hiyo zimechanwa. Ila kitabu chake cha 1872 kina mchoro: Wazungu wawili wamevua kofia, bendera ya Marekani nyuma yao. Mchoro ule ndio ushahidi tunaoukumbuka. Susi, mtumishi wa Livingstone aliyetoka mbio kumwambia bwana wake kuwa Mzungu anakuja, ndiye mwandishi wa habari wa kwanza wa tukio lile, kwa maoni yangu, ila salamu ikamfunika.

Juzi niliwapeleka wageni wawili Kwihara, kwenye tembe walimokaa Stanley na Livingstone mwanzoni mwa 1872. Walisimama mlangoni, wakavua kofia, wakapeana mikono, nami nikakabidhiwa simu niwapige picha. Nikawaambia wale wawili walikutana Ujiji, si hapa.

"Haitaonekana," akasema mmoja, "piga tu."