Gurudumu la Baiskeli na Siri ya Spoki

Mwalimu wa Fizikia atafutaye mfano wa kani zinazosawazishana hana haja ya kungoja kifaa cha maabara. Na aigeuze baiskeli juu chini. Spoki ni uzi wa chuma wenye kipenyo cha milimita 2 na urefu upatao milimita 300. Ukiisimamisha peke yake, bila kuibana ncha, na kuigandamiza kwa juu, itapinda kabla mzigo haujafika kilo 2. Hata hivyo spoki 40 za namna hiyo, zikisukwa pamoja na ringi, hubeba mwendeshaji na gunia lake la mkaa. Jambo hili lawezekanaje?

Jibu ni kwamba spoki haifanyi kazi ya nguzo. Fundi huikaza kila moja mpaka ivute ringi kwa kani ya nyutoni 1000 hivi, sawa na uzito wa kilo 100. Wengi hudhani kwamba baada ya hapo mzigo huning'inia kwenye spoki za juu. Vipimo havisemi hivyo. Mkazo wa spoki za juu hubadilika kidogo mno. Ni zile chache za chini, karibu na ardhi, ndizo zinazopungukiwa. Gurudumu husimama maadamu spoki hizo zina mkazo wa kupunguza. Ukiisha, ringi hukosa kishikizo cha kando, na gurudumu huweza kupinda ghafla, mzigo ukiwa juu yake.

Katika safari ya kilometa 20, gurudumu la inchi 28 huzunguka mara 9000 hivi, na kila spoki hupunguziwa mkazo na kurudishiwa mara zote hizo. Ndiyo sababu hukatika kwa uchovu wa chuma, aghalabu penye kona yake iingiapo kwenye habu. Fundi mwangalifu, amalizapo kukaza, huzishika spoki mbili mbili na kuzibana kwa nguvu ili kona zikae sawasawa tunduni. Asiyejua hudhani ni mazoea tu.

Habu ichaguliwe kwanza kwa idadi ya matundu. Baiskeli za Kiingereza za zamani zilikuwa na spoki 32 mbele na 40 nyuma, maana uzito mwingi huwa nyuma. Na ringi ya matundu 40 haikubali habu ya 36. Kisha utazamwe umbali baina ya visahani vyake viwili: kadiri vinavyotengana ndivyo ringi isivyoyumba. Gia nyingi hukisukuma ndani kisahani cha kulia, na spoki za upande huo hulazimika kukazwa kuliko za kushoto. Kwa mchukuzi wa mizigo, mimi ningechagua habu ya chuma yenye gia moja.

Spoki za nyuma nazo sharti zipishane, kama James Starley wa Coventry alivyofanya mwaka 1874. Cheni huizungusha habu, na spoki inayotoka moja kwa moja katikati haina wenzo wa kuizungusha ringi.

Wanafunzi waweza kulinganisha mkazo kwa masikio. Wapige spoki kwa ukucha: idadi ya mitetemo hufuata kipeuo cha pili cha mkazo, hivyo spoki yenye robo ya mkazo hutoa nusu ya mitetemo. Spoki za upande mmoja zapasa kulia kwa sauti zinazokaribiana. Ile yenye sauti nzito ikazwe nati yake robo mzunguko, ringi ikitazamwa isivutwe kando, kisha ipigwe tena kabla gunia halijapakiwa.