Pengo Halikai Lilivyo

Nikiwa kidato cha pili nilipigwa kiwiko kwenye mechi ya madarasa, jino la mbele la juu likang'oka zima. Mwalimu wa zamu alinipa maji ya chumvi nisukutue, akasema pole, mechi ikaendelea. Jino lilibaki uwanjani. Tangu hapo nikawa mtu wa kucheka huku nimeziba mdomo. Nikazoea, mpaka nilipokwenda mazoezi ya kufundisha mwaka jana: mkono mmoja chaki, mwingine mdomoni, na somo lenyewe ni matamshi!

Nikajikusanya nikaenda kwa daktari wa meno, nikidhani nitawekewa jino nirudi zangu hosteli. Akapima, akaniambia, "Mdogo wangu, jino unalolitaka halina pa kukaa."

Kumbe pengo si kama mwanya wa kuzaliwa nao, ule tunaousifia. Jino likitoka, majirani zake hukosa wa kuwazuia, wakaanza kuinamia upande ulio wazi. Jino kubwa la mbele la juu huwa na upana wa milimita 8 hadi 9 hivi. Pengo langu lilibaki na 5. Kwa hiyo kabla ya jino, kwanza nafasi. Njia alizonieleza ni hizi.

Ya kwanza ni waya za kugandishwa. Vibati vidogo hubandikwa kwenye meno, waya ukapita juu yake, na penye pengo huwekwa springi iliyobanwa. Ikijitanua, inawasukuma majirani taratibu, kama milimita moja kwa mwezi. Uzuri wake ni kwamba waya huweza kunyoosha hata mizizi. Tena jino la bandia laweza kuning'inizwa kwenye waya huohuo wakati unasubiri.

Ya pili ni trei za plastiki angavu. Unavaa saa 20 hadi 22 kwa siku, unavua wakati wa kula, na unabadilisha trei kila baada ya wiki moja au mbili. Hazionekani sana, ila ukiwa mvivu wa kuvaa, hela imekwenda bure. Na kunyoosha mizizi huzipa shida kuliko waya.

Ya tatu ni pleti ya kuvua yenye springi. Ni rahisi, lakini inalaza tu sehemu ya juu ya jino, mzizi unabaki ulikokuwa. Kama unataka jino la kupandikiza, mizizi iliyobanana humnyima daktari pa kuchomeka skrubu kwenye mfupa.

Pia yawezekana kuliziba pengo badala ya kulifungua. Kwa jino dogo la pembeni, chonge husogezwa na kuchongwa lifanane nalo. Kwa jino kubwa la katikati kama langu, ni vigumu lipendeze.

Nafasi ikipatikana unachagua: jino la kupandikiza, daraja la kushikizwa kwenye meno ya jirani, au pleti yenye jino. La kupandikiza husubiri taya limalize kukua, maana halisogei na wenzake; kwa kijana anayekua litaonekana fupi baadaye. Na hadi jino liwekwe, lazima uvae kishikizo, la sivyo majirani wanarudi.

Mimi nimechagua waya, nalipa kwa awamu kutoka kwenye bumu. Mwishoni nitaweka pleti. La kupandikiza litangoja ajira.

Ila wenzangu wa ualimu, shikeni hili. Mwanafunzi aking'oka jino la ukubwani, lishike upande wa juu, usiguse mzizi. Lisuuze kidogo tu bila kulisugua, ulirudishe mahali pake au uliweke kwenye maziwa, na mtoto afike kwa daktari ndani ya saa moja. Huenda likashika tena. Langu halikupata nafasi hiyo, na siku ile hata kiosko cha maziwa kilikuwa getini.