Miwani Peke Yake Haimtoshi Mtoto Asiyeona Mbali

Mtoto asiyeona mbali ni nadra kusema kwamba haoni, maana hudhani kila mtu huona kama yeye. Darasani Nyamongo (Tarime) au Mugumu (Serengeti) utamtambua kwa mambo mengine: anafinya macho akitazama ubao, ananakili kutoka kwenye daftari la jirani, anahamia dawati la mbele bila kuambiwa. Machungani hawatofautishi ng'ombe wa kwao na wa wengine mpaka awakaribie. Wengi huitwa wavivu kabla hajatokea mtu wa kuwapima macho.

Kinachomsumbua ni urefu wa jicho. La mtu mzima lina takriban milimita 24 kutoka mbele hadi nyuma. Likizidi kwa milimita 1 tu, taswira huishia mbele ya retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea taswira, na namba ya miwani hupanda kwa dayopta 2 hadi 3. Kwa kuwa mtoto bado anakua, jicho huendelea kurefuka. Ndiyo maana lenzi iliyomfaa darasa la tano haimtoshi tena kidato cha kwanza. Hatari iko hapo. Retina ya jicho lililorefuka sana huwa nyembamba, na ukubwani inaweza kuchanika na kubanduka.

Miwani ya kawaida humwezesha kusoma ubao, lakini haizuii jicho kurefuka. Jambo hili wazazi wengi hawaambiwi. Wananunua miwani mara moja, kisha miaka inapita bila kipimo kingine. Mtoto huyu apimwe kila baada ya miezi 6 hadi 12, na apimwe kwa matone ya kulegeza misuli ya jicho, kwa sababu jicho la mtoto hujikaza na kuonyesha namba kubwa kuliko ya kweli. Apewe namba kamili. Wapo wanaoomba lenzi hafifu ili "macho yasizoee", lakini utafiti wa Malaysia uliochapishwa mwaka 2002 ulionyesha kwamba watoto waliopewa lenzi pungufu ndio walioharibikiwa haraka zaidi.

Mwaka huohuo wa 2002 yalichapishwa matokeo ya kuwapima wanafunzi 2,511 wa sekondari jijini Mwanza. Asilimia 5.6 hawakuona mbali, na kati ya wote waliohitaji miwani, chini ya theluthi moja ndio waliokuwa nayo. Dar es Salaam nako, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008, hata kati ya wanafunzi waliopewa miwani bure, walioendelea kuitumia baada ya miezi mitatu hawakufikia nusu. Kutaniwa na wenzao ni sababu mojawapo, nyingine ni hofu ya wazazi kwamba miwani huharibu macho. Hofu hiyo haina msingi.

Asia ya Mashariki hali ni mbaya zaidi kuliko kwetu, na huko ndiko tulikojifunza kinga iliyo rahisi kuliko zote. Guangzhou, China, wanafunzi wa darasa la kwanza waliongezewa dakika 40 za kukaa nje kila siku ya shule. Baada ya miaka mitatu, asilimia 30.4 yao walikuwa hawaoni mbali, wakati shule zisizoongezewa muda huo walifikia asilimia 39.5. Mwanga wa mchana husaidia kuzuia tatizo lisianze, ingawa likishaanza msaada wake ni mdogo. Mtoto wa Serengeti anayechunga au kucheza mpira ana kinga hiyo tayari. Nasikitika tunapomnyang'anya kwa tuisheni na kambi za masomo zinazomfungia ndani tangu alfajiri hadi usiku.

Kwa mtoto ambaye namba inapanda haraka yapo matone ya atropini ya kiwango kidogo. Huko Hong Kong kiwango cha asilimia 0.05 kilipunguza kasi vizuri kuliko vile vya chini yake. Matone hayo huandaliwa na mfamasia na kusimamiwa na daktari wa macho. Atropini ya asilimia 1 iliyozoeleka hospitalini isichanganywe na maji nyumbani hata kidogo.

Walimu wakuu wa Tarime na Serengeti, kazi ya kwanza iko mikononi mwenu: chati ya herufi E, umbali wa mita 6, jicho moja kwa wakati. Asiyesoma mstari wa 6/12 aandikiwe barua ya kwenda hospitali ya wilaya, na mzazi wake aitwe. Shule zikifunguliwa Januari, pimeni kabla ya kupanga madawati.