Mboga Chungu za Bibi, Utani Mtamu wa Babu

Hebu jiulize: ukiondoa jina la ukoo na picha moja mbili za ukutani, bibi na babu yako walikuachia nini? Wengine wameachiwa nyumba, wengine ng'ombe, wengine kesi ya shamba. Sisi tuliachiwa bustani ya mboga, na nusura ituvunjie undugu.

Tulikulia Mwanza. Kila mwezi wa sita shule zikifungwa, tulipakiwa kwenye basi la Tarime na furushi la dagaa, zawadi ya wazee. Magu, Lamadi, Bunda, halafu Daraja la Kirumi juu ya Mto Mara. Ukishavuka hapo na kuanza kupanda milima, baridi inakupokea, unajua umefika kwa Wakurya.

Babu alikuwa na salamu moja tu: "Mke wangu mdogo umekuja?" Bibi naye anadakia kutoka jikoni: "Mke mwenza gani huyo, hata kuchambua mboga hajui!" Basi utani huo ulikwenda mwezi mzima, na mwisho wa mwezi nilikuwa najua kuchambua.

<b>Mgagani hautaki haraka</b>

Bustani ilikuwa nyuma ya jiko, mahali ambapo jivu na samadi havikuwa mbali. Kulikuwa na mgagani, mnavu, kunde, maboga na migomba pembeni. Hakuna kilichotupwa: kunde tulikula majani kwanza, punje baadaye; boga vilevile.

Mgagani ndio uliokuwa na masharti. Ni mchungu, watoto wa mjini tulikunja sura. Bibi aliuchemsha, akamwaga maji, akaongeza maziwa, kisha akauacha kwenye chungu mpaka kesho yake. Ukipashwa moto siku ya pili uchungu umelegea, na hapo ugali wa muhogo na mtama unashuka wenyewe. Nikimuuliza kwa nini tusile leo leo, ananijibu, "Mjukuu wangu, hata mume hafai siku ya kwanza." Enzi hizo sikumwelewa!

Likizo ya Desemba ilikuwa zamu ya upande wa mama, wilayani Serengeti, kijiji kisicho mbali na Mugumu. Huko mambo yalikuwa mengine. Watalii wanalipa fedha nyingi kumwona tembo. Bibi mzaa mama alimwona bure, usiku, katikati ya mahindi yake. Wanaume walikesha wakipiga madebe na kuwasha mioto. Ndiyo maana bibi yule hakupanda vyote sehemu moja, na majani ya kunde aliyakausha juani akayaweka akiba. Chakula cha kule kililindwa kama mtoto mchanga.

<b>Penzi lisilosemwa</b>

Sisi wa siku hizi tunataka "nakupenda" kila asubuhi, kwenye simu, na kopakopa juu. Babu yangu wa Tarime sikuwahi kumsikia akilitamka neno hilo. Jikoni kwenyewe hakuingia, mwanaume wa rika lake aingie afuate nini? Lakini kila jioni baada ya kufunga ng'ombe alibeba samadi hadi bustanini kwa bibi, bila kuambiwa. Bibi naye alijua babu anapenda mnavu wake uwe na uchungu kidogo, akampakulia wa kwake kabla ya kutia maziwa. Babu alipofariki mwaka 2009, bibi aliendelea kupakua ule wa pembeni kwa wiki kadhaa. Mkono ulikuwa umezoea.

Bibi alimfuata mwaka 2019. Mwaka jana ndipo kikao cha familia kikaitwa. Barabara imefika karibu, viwanja vimepanda bei, na baba zangu wadogo wawili wakataka bustani iuzwe. Shangazi yangu, aliyerudi nyumbani baada ya ndoa kumshinda, ndiye aliyemuuguza bibi na kuilima bustani ile miaka yote. Hakuulizwa neno. Mila inajulikana: ardhi ni ya watoto wa kiume.

Tukala kwanza. Baada ya chakula baba yangu akauliza, "Mgagani huu umetoka wapi?" Kimya. Kila mtu alijua umetoka wapi na nani ameupika. Akaendelea kusema kwamba Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanaume ya kupata na kumiliki ardhi. Mjadala ulikuwa mkali, mmoja akaondoka kabla ya chai na mpaka leo hapokei simu zetu. Lakini bustani haikuuzwa. Muhtasari uliandikwa, wazee wa ukoo wakatia saini, na shangazi ameomba hati ya hakimiliki ya kimila kijijini. Anasubiri.

<b>Fanya haya mapema</b>

Kama bado unao wazee, usisubiri msiba. Wapeleke watoto likizo, tena waache wachambue mboga. Muulize bibi mbegu anazihifadhije na chungu anakiacha muda gani. Usione aibu, mboga hizi si za kimaskini: pale Arusha, tangu mwaka 1992, kuna kituo cha kimataifa cha utafiti wa mboga kinachokusanya na kutunza mbegu za asili kama mgagani na mnavu.

Na muhimu kuliko yote, wakiwa hai waulize bustani itabaki kwa nani, na jibu liandikwe mbele ya mashahidi. Kumpenda mzee ni pamoja na kumlinda yule aliyemtunza.