Pombe Mtungini na Mwanga wa Jua

Huko Gairo pombe ya mtama huachwa ichache mtungini, ndani ya nyumba, mtungi umefunikwa ungo. Twaulizwa: je, mwanga waiharibu? Bia ya kiwandani, ndiyo; maana hutiwa hopsi, ua chungu la Ulaya, na mwanga ukiipiga bia ile, uchungu hugeuka harufu mbaya mno. Kwa hiyo chupa zake nyingi ni za rangi ya hudhurungi. Pombe yetu haina hopsi. Adui zake ni joto la jua, lizidishalo ukali wa uchachu, na nzi wadogo waletao vijidudu vya siki. Kivuli chafaa kwa ubaridi wake. Nao mtungi wa udongo, ukitoa jasho, huipoza pombe zaidi. Debe halitoi jasho.